Shajara ya mradi: jedwali la maneno anayoniambia mwenzangu

Jumapili, 3 Machi 2024, Guangzhou, China

Nimefungua jedwali hili usiku huu kwa sababu nimekaa siku mbili bila kumtafuta mwenzangu, nikijua tumeachana, kumbe yeye siku hizo mbili alikuwa anajiuliza nimepatwa na nini.

Kisa ni neno moja. Alhamisi jioni tulikuwa tunakula tambi kwenye mgahawa wa watu wa Lanzhou hapa Xiaobei, nikamtania nywele alizokata. Akanipiga kikofi cha bega akasema kwa Kichina, tǎoyàn, akalivuta hilo neno mpaka likawa kama wimbo. Nilipofika chumbani nikalitia kwenye programu ya kutafsiri. Ikanijibu kwa Kiingereza kwamba mimi nachukiza. Sasa mtu akikuambia unachukiza, si unakwenda zako? Nikaenda zangu.

Na mimi ni mtu wa Tanga. Watu wa bara wanaamini sisi tunazaliwa na maneno matamu mdomoni, na kwamba mgeni akija kwetu kwa siku mbili anasahau nauli ya kurudi. Nikawaambie nini nyumbani, kwamba nimeshindwa na neno la silabi mbili?

Hali ilivyo leo: Kichina changu ni cha ghalani. Bei gani, ghali mno, katoni ngapi, kontena linafungwa lini. Niko mwaka wa tatu kwa wakala wa mizigo, tunakusanya bidhaa za wafanyabiashara na kuzipeleka Dar es Salaam na Mombasa. Yeye anauza mabegi ya jumla, kwao ni Changsha, mkoa wa Hunan. Kiingereza chake na changu vikikutana vinapata sentensi moja. Kiswahili ana mambo, poa na ngapi.

Mpango ni jedwali lenye safu nne. Neno lenyewe kwa pinyin, yaani Kichina kwa herufi zetu, pamoja na alama ya toni. Tafsiri ya programu. Lilisemwa wapi, saa ngapi, kwa sauti gani. Nilichofanya mimi. Sharti ni moja: haliingii neno ambalo yeye hakuniambia. Zile video za kufundisha mapenzi kwa Kichina zibaki kwa wenyewe.

Mstari wa kwanza: tǎoyàn. Unachukiza. Mgahawani, anacheka. Niliondoka.

Jumamosi, 9 Machi

Toni zitaniua. Kichina sanifu kina nne, na nilipofika nilijiambia si kazi, mbona na sisi tuna barabara ya magari na barabara ya sawasawa, tofauti ni pale ulipokaza sauti. Lakini sisi maneno ya namna hiyo tunayahesabu kwa vidole. Hawa wenzetu kila silabi ni barabara.

Wiki hii nilitaka kumwambia nimemkumbuka. Wǒ xiǎng nǐ. Xiǎng ya toni ya tatu, sauti inazama kisha inaibuka, ni kuwaza, ni kutaka, na ni kumkumbuka mtu aliye mbali, yote kwa neno moja. Mimi nikaitoa kwa toni ya nne, ile inayoshuka kama unamkanya mtoto, nayo ni kufanana. Nikamwambia kwa hisia zote kwamba nafanana naye. Akajitazama kwenye kioo cha simu, kisha akanitazama mimi. Wapi, akauliza, puani?

Hilo dogo. Jumanne niliingia ofisi ya uhasibu kutaka kumuuliza yule mama jambo la ankara. Sote tunamwita Dàjiě, dada mkubwa. Kuuliza ni wèn, toni ya nne. Nikasema wěn, toni ya tatu, nikawa nimemtangazia mwanamke mwenye wajukuu wawili kwamba nataka kumbusu. Wamecheka mpaka wa ghala la chini wakapanda kuona kuna nini. Faida niliyopata ni kwamba Dàjiě amejiteua mshauri wa mradi. Nimemwonyesha jedwali. Akaliangalia sana lile neno la kwanza, akasema: mtoto, wewe umemwacha mwanamke anayekupenda akilipa tambi peke yake.

Alhamisi, 14 Machi

Ramadhani imeingia wiki hii. Kila siku saa sita mchana simu inalia: chī fàn le ma? Umekula? Nimeshamweleza kufunga ni nini, maji pia hayaruhusiwi, akashangaa, akakubali. Kesho yake saa sita, chī fàn le ma.

Leo nimepitia mazungumzo yetu ya siku thelathini nyuma, kama ninavyopitia orodha ya mzigo kabla ya kupakia. Umekula: mara 33. Vaa nguo nzito: mara 9. Lala mapema: mara 14. Nakupenda: hakuna. Nimeandika hesabu hiyo chini ya jedwali, na nakiri niliiandika kwa hasira. Mama naye akinipigia kutoka Tanga anaanza na umekula, lakini mama ni mama. Mimi nangoja neno.

Jumanne, 19 Machi

Saa kumi na nusu alfajiri simu imelia. Nikadhani ni nyumbani, kuna msiba. Ni yeye. Qǐlái le ma? Chī fàn le ma? Umeamka? Umekula? Alikuwa ametafuta mwenyewe saa ya alfajiri ya Guangzhou, akajiwekea kengele, akaamka kuniuliza kama nimekula daku. Mtu asiyefunga, ambaye duka lake linafunguliwa saa tatu.

Nimekula tende na wali uliolala, nimekaa kitandani mpaka kumekucha.

Jambo la pili leo hii hii. Jioni nimerudi ghalani mgongo umekatika, tumepakia kontena mbili za vigae. Kanitumia: xīnkǔ le. Programu imesema, kwa Kiingereza chake, kwamba ananishukuru kwa bidii yangu, kama bosi anayemuaga kibarua. Nikaitazama hiyo tafsiri, nikayatazama maneno yenyewe. Xīn ni ukali wa pilipili. Kǔ ni uchungu. Umepitia ukali na uchungu. Hiyo si shukrani, jamani. Hiyo ni pole na kazi!

Hapo ndipo nilipoona nimekuwa nikibeba maji kwa pakacha. Nachukua neno la Kichina, nalipeleka Uingereza, kule linavuliwa nguo, ndipo naliletea Tanga limebaki mifupa. Kiingereza hakina pole na kazi. Sisi tunayo, nao wanayo. Basi safu ya pili nimeifuta yote, mistari 26. Pahali pake nimeandika: Kwetu tungesemaje?

Jumapili, 24 Machi

Kazi imeanza kwenda. Nimelirudia jedwali kuanzia juu na safu mpya.

Tǎoyàn limefunguka mara moja Dàjiě aliponieleza kitu kinachoitwa sājiāo. Mtu mzima anajifanya mtoto mbele ya ampendaye, anavuta maneno, ananuna kidogo, anataka abembelezwe. Aliniambia wageni wengi humwuliza maana yake na yeye hushindwa kuieleza. Mimi sikuhitaji hata sentensi ya pili. Ni kudeka! Tena ukiwa mtu wa pwani unajua kwamba kudeka kunataka mwenza wa kudekeza, na kwamba anayedekewa akiondoka zake na kumwacha mdekaji na bakuli la tambi, ameonyesha hana adabu za mapenzi. Kwetu tungesemaje: We nawe! Kwa kuvuta.

Shǎguā, tikiti jinga, na bèndàn, yai pumbavu, yameingia kundi hilo hilo. Lǎogōng lilinitoa jasho kwa sababu kamusi inasema ni mume na mimi posa sijapeleka. Dàjiě anasema vijana wanaitana hivyo hata kabla ya ndoa, na lile lǎo la mwanzo, uzee, ni heshima tu, limo pia katika mwalimu na katika bosi. Kwetu: mzee, kama mke anavyomwita mumewe wa miaka ishirini na tano.

Nimefuta shuàigē, kaka mtanashati. Niliona fahari siku aliponiita hivyo mara ya kwanza, kumbe kila muuza soksi hapa mjini anamwita hivyo kila mwanamume mwenye pochi. Ni ile "bosi, karibu!" ya Kariakoo.

Ijumaa, 12 Aprili

Wiki ya Idd, na mradi nusura ufe.

Nimeswali Ijumaa msikiti wa Xianxian, ule wenye kaburi ambalo wenyeji wanalinasibisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Nikarudi, nikala biriani kwa rafiki yangu wa Zanzibar, nikalala mpaka alasiri. Naamka nakuta ujumbe: xiǎo zhū, qǐchuáng le. Amka, nguruwe mdogo.

Nguruwe. Wiki ya Idd. Nikaona hili halina safu ya kwetu tungesemaje, kwetu tungeshikana mashati.

Safari hii sikuondoka, nimejifunza. Nilimpigia, nikamwuliza kwa utaratibu. Akanyamaza, halafu akaanza kujieleza mbio mbio. Nguruwe kwao ni mnono, analala vizuri, hana dhiki duniani. Kumwita mtu hivyo ni kumwambia namna unavyopenda kumwona ameshiba na amelala. Akanichorea na alama yenyewe ya jiā, nyumbani: juu paa, chini ya paa nguruwe. Huko zamani nyumba iliyokamilika ilikuwa na nguruwe wake.

Nikamwambia nimeelewa, na bado sitaki. Tukakubaliana nibadilishiwe mnyama. Akapendekeza yáng, ambaye kwa Kichina ni mbuzi na ni kondoo, wote jina moja, na alama yake imo juu ya alama ya uzuri, měi. Nikamweleza kwamba kwetu ukimwita mtu mbuzi au kondoo umemwambia hana akili, tena wiki ya Idd ndiye anayeliwa. Akapendekeza tembo, kwa sababu ya Afrika. Nikamweleza tembo kwa Kiswahili ni pombe ya mnazi pia. Akakata tamaa, akasema nyinyi mna wanyama gani wasio na kesi? Tumeishia kwa xióng, dubu. Tanga hakuna dubu, kwa hiyo hakuna anayeweza kulalamika.

Jumapili, 5 Mei

Kushindwa kwa wiki. Nilikuwa nimeandika duō hē rè shuǐ, kunywa maji moto kwa wingi, kuwa neno la huruma, kwa sababu nilipougua mafua aliniambia hivyo asubuhi na jioni. Jana ameumwa tumbo lile la kila mwezi, nikamtumia kwa kujiamini: duō hē rè shuǐ. Kimya. Nikarudia, nikaongeza alama ya moyo. Akazima simu.

Dàjiě alicheka hadi akavua miwani. Kumbe neno hilo likitoka kwa mwanamume limekuwa kichekesho nchi nzima, ndilo jibu la bwana mvivu asiyetaka kunyanyuka kwenye kiti. Mke ana homa: kunywa maji moto. Mke amefukuzwa kazi: kunywa maji moto. Mwenzangu akiniambia mimi ni sawa kwa sababu huwa anakuja na chupa mkononi. Dàjiě akaniuliza, wewe chupa yako iko wapi?

Nikapika chai ya tangawizi ya nyumbani, ile ya kuwasha koo, kwa sukari nyekundu inayouzwa hapa kwa mabonge, sukari guru kabisa. Nikabeba chupa kwenye metro hadi kwake. Akanywa vikombe viwili. Anasema bibi yake huko Hunan hupika hiyo hiyo kwa maumivu hayo hayo. Sikusema neno lolote la Kichina kwa saa nzima.

Nimeongeza safu ya tano: Mkononi kulikuwa na nini?

Jumatatu, 20 Mei

Saa mbili asubuhi niko ghalani, ujumbe wake: 520. Basi. Tarakimu tatu. Mimi mtu wa mizigo nikajibu: kilo au yuan?

Jibu halikuja. Dàjiě akapita, nikamwonyesha, akashika kichwa. Wǔ èr líng, tano mbili sifuri, ukizisema haraka zinakaribia wǒ ài nǐ. Leo ni tarehe 20 ya mwezi wa tano, 5 na 20, na vijana wameifanya siku ya wapenzi. Maduka ya maua ya mtaani kwetu yamepanga foleni tangu alfajiri na mimi nilikuwa nashangaa nani kafa. Ukiongeza 1314, yī sān yī sì, inakaribia maneno ya maisha yote. Kuna watu wanatumiana yuan 1314 kwa simu. Mimi leo sina hiyo. Nimemtumia 520, kwa WeChat, saa kumi na mbili jioni, na samahani ya mistari mitatu.

Kwa hiyo neno nililolingoja limekuja kwa tarakimu. Sijui niliandike safu gani.

Jumatano, 22 Mei

Pesa imerudi. Asipoipokea kwa saa ishirini na nne inarudi yenyewe, na jana saa kumi na mbili jioni imerudi. Nimekaa nayo usiku kucha hii tafsiri mpya: amenikataa kwa yuan 520.

Nimemwuliza. Akasema: liúzhe chī fàn. Ziweke, ule.

Dàjiě akasema hapo kuna neno ambalo mwenzangu mwenyewe hajalitamka lakini ndilo lililomrudisha mkono, xīnténg. Moyo unamuuma. Si kwa sababu umemkosea, ni kwa sababu anajua mshahara wako umechelewa. Nikakumbuka tunavyosema mama fulani ana uchungu na mwanawe. Ana uchungu na wewe. Nimevunja sharti langu mwenyewe, nimeliingiza ingawa hakulisema.

Jumamosi, 15 Juni

Kazi ni mbaya. Tangu meli zianze kuikwepa Bahari ya Shamu nauli zimekuwa zikipanda, makontena ni ya kugombania, na wateja wetu wa Kariakoo wanasema wangoje kwanza. Tumepunguziwa siku. Nilimweleza jana, tukiwa tunatembea kando ya Mto Pearl, nikifanya utani ili isionekane.

Akasema: méishì, wǒ yǎng nǐ.

Méishì nalijua, si kitu. Yǎng nililijua pia, na afadhali nisingelijua, kwa sababu tunasafirisha vifaa vya kufugia kuku na limeandikwa kwenye kila katoni. Usijali, nitakufuga. Mwanamume mzima! Nikajiona niko mtaani kwetu, wazee wa baraza wananinyooshea kidole: marioo yule, analelewa na Mchina. Nilinyamaza hadi kituo cha metro, naye akajua.

Leo nimelifuatilia. Yǎng ni kuku, ndiyo, na samaki wa bwawani. Ni maua pia. Ni mtoto. Ni mgonjwa anayejipumzisha apate nguvu. Ni kila kitu ambacho bila mkono wa mtu hakisimami. Sisi hapo tuna kufuga, kulea, kutunza, kuuguza, kila kimoja na mlango wake, wao wamepita mlango mmoja. Alichosema ni nitakutunza. Nimeandika hivyo kwenye jedwali. Ukweli ni kwamba fahari yangu haijaisoma bado hiyo safu.

Jumapili, 7 Julai

Hili la leo lina thamani ya mradi mzima, na nimelipata kwa kusikiliza simu isiyonihusu.

Huwa anaongea na mama yake kila Jumapili. Mama huyo bado hajataka kuniona kwenye kamera, na mimi huhamia upande wa jiko. Wakiongea wao kwa wao Kichina kinabadilika, kinakuwa cha Changsha, na mimi hubaki nje kabisa. Hunan yenyewe inageuka Fulan. Chī, kula, inakuwa qià. Lakini leo mama alikuwa anamkumbusha namna bibi yake alivyokuwa akimwita utotoni, na hilo nililidaka: xīngān bǎobèi. Simu ilipokatika nikamwuliza. Akasema ni neno la kumwambia mtoto au mpenzi, la moyoni kabisa. Akaona haya, akaniambia: na wewe.

Nimekaa na kamusi mpaka saa saba usiku. Xīn ni moyo. Gān ni ini. Ini! Miaka yote nimemsikia bibi yangu akiimba jikoni nyonga mkalia ini, na tukiwa watoto tukicheka kwamba mapenzi yanakaaje kwenye ini. Mtu akikuudhi sana, anakukata maini. Nilidhani ni sisi tu duniani tunaohifadhi mapenzi pamoja na nyongo. Huko Hunan bibi mwingine, hajawahi kusikia taarabu wala hajui Tanga iko wapi, anamwita mjukuu wake moyo na ini.

Halafu bǎobèi. Bǎo ni hazina. Bèi ni kauri, yule wa baharini tuliyekuwa tukimwokota maji yakitoka. Wachina wa kale walimtumia kama fedha, na alama yake bado imefichwa ndani ya maneno ya biashara: imo katika huò, bidhaa, ninayoisoma kwenye kila hati ghalani, na imo katika guì, ghali. Tài guì le, ghali mno, sentensi yangu ya kwanza ya Kichina, ina kauri tumboni. Hazina ya kauri: ndivyo wanavyomwita mpenzi.

Na sisi tumefanya nini na neno hilo? Kauri kwetu ni yule wa baharini, na kauri ni vile vyombo vya Kichina, sahani na vikombe vya kuwekea wageni. Pale Tongoni, kusini ya mji wetu, kuna makaburi ya nguzo ya karne ya 14 na 15 ambayo wazee wetu waliyapamba kwa bakuli za kutoka huku. Tulikwenda na shule, mwalimu akatuonyesha vishimo vilivyobaki baada ya bakuli kung'olewa. Mimi nilikuwa nafikiria soda niliyoahidiwa njiani.

Nimemweleza yote haya saa saba usiku kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita, nusu Kichina, nusu mikono ambayo haionekani kwenye sauti. Asubuhi akajibu: xiǎo xióng, lala.

Jumapili, 21 Julai

Mama ameleta kanga kwa mkono wa mteja. Jina lake: Mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenzangu aliishika, akauliza yale maandishi ni chapa ya kiwanda? Nikamwambia ni maneno, kanga husema. Akaitia kwenye programu yake, ikamtolea kitu kuhusu mtalii na hospitali. Amekasirika sana. Jioni nimemkuta ameanzisha jedwali lake. Mstari wa kwanza ni kanga, wa pili ni pole. Ananiuliza mbona nilimwambia pole alipojikwaa na pole alipotoka kazini, na pole pole anapovuka barabara, kwani kosa gani amefanya?

Jumamosi, 10 Agosti

Leo ni Qixi, siku ya saba ya mwezi wa saba kwa kalenda yao, ya wale wapenzi wawili wa hadithi, mchunga ng'ombe na mfumaji, wanaoruhusiwa kukutana usiku mmoja kwa mwaka. Nilikuja na maua, sikungoja kuambiwa. Nilimwambia na wǒ ài nǐ, kwa toni zote sawasawa, nilizifanyia mazoezi wiki nzima na Dàjiě, ambaye aliniambia mumewe hajawahi kumwambia hivyo kwa miaka ishirini na saba, ila humchambulia kamba wote kabla hajala mmoja.

Mwenzangu alishtuka kama nimevunja glasi. Ròumá, akasema, nyama inakufa ganzi. Akajifunika uso kwa kanga. Halafu akaniuliza nimekula.

Jumapili, 18 Agosti

Mistari 112. Kazi zimeanza kurudi kidogo.

Jioni ya leo alikuwa akiongea na kwao, mimi nikahamia jikoni kama kawaida. Akaniita. Amegeuza simu. Mama yake yupo hapo, mwanamke mfupi mwenye nywele fupi, nyuma yake kuna pilipili nyekundu zimeanikwa ukutani. Akanitazama kwa muda mrefu, nami sikujua mikono niiweke wapi. Akasema jambo kwa Kichina cha Changsha, haraka, bila kutabasamu. Mwenzangu akafungua mdomo anitafsirie.

Nilikuwa nimeshadaka qià.

"Qià le, Āyí," nikamjibu. Nimekula, mama mdogo.

Mama akacheka, akasema mengine mengi ambayo sikuyaelewa hata moja, na simu ikarudishwa upande wa pili. Mwenzangu alikuwa ananitazama kwa jicho lile. Anajua tangu asubuhi sijatia kitu kinywani. Ameweka wali jikoni.